Punda wa Dobi na Masikio Yetu



Wapendwa wasomaji, juma hili tunaomba ruhusa yenu tuyaweke kando kidogo masomo ya Dominika, tuzungumze juu ya wanyama. Wazazi kadhaa wametuuliza, wengine kwa utani na wengine pasipo utani wowote, kwa nini watoto wao wa darasa la pili na la tatu hurudi kutoka kipindi cha dini wakisimulia habari za kima na punda badala ya habari za Musa na Bahari ya Shamu. Swali hilo ni la haki. Musa hatukumwacha, lakini kima na punda nao wana kazi yao, na kazi hiyo inawahusu wazazi zaidi kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa wale waliokisahau, kisa chenyewe ni hiki. Kima na papa walikuwa marafiki. Kima alikaa juu ya mkuyu ulioinamia bahari, akila matunda na kumrushia mwenzake aliyekuwa majini. Siku moja papa akamwalika kwao, akambeba mgongoni. Walipofika kilindini, mahali ambapo mkaazi wa mtini hawezi kurudi kwa nguvu zake, papa akamfunulia kwamba Sultani wa nchi yao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hakupiga kelele. Alimlaumu rafikiye kwa kutomwambia mapema, kwa kuwa kima, alisema, hawasafiri na mioyo yao. Huiacha mtini na kutembea na miili mitupu. Papa akageuza njia ili waufuate moyo huo. Kima akaparamia mkuyu, akanyamaza, na alipoitwa sana akajibu kutoka juu kwamba yeye si punda wa dobi.

Papa hakumjua punda wa dobi, hivyo kima akamsimulia. Dobi mmoja alikuwa na punda, punda akatoroka, akaingia msituni akanenepa. Sungura alimwona, akaenda kumwambia simba, ambaye alikuwa ametoka kuugua na amekonda. Sungura akamwendea punda na kumwambia kwamba ametumwa kumposa. Punda akakubali, akafuata, na simba akamrukia. Wakapigana, punda akaponea chupuchupu na majeraha yake. Siku zikapita, simba akapata nguvu, sungura akaenda tena. Punda akalalamika juu ya yaliyompata. Sungura akamweleza kwamba huko ndiko kuzungumza kwake simba. Punda akaenda, na safari hii hakurudi. Simba akaagiza awekewe moyo na masikio, lakini sungura alikwisha kuvila, na alipoulizwa akajibu kwamba mnyama huyo hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Tumekizoea kisa hiki kiasi cha kukiona kuwa ni mali ya pwani yetu tangu mwanzo, nacho kweli kimekuwa mali yetu. Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana ambaye mwaka 1874 aliwekwa kuwa askofu, alikipokea kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, akakichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Kiswahili. Lakini wasimulizi wale nao walikirithi. Karne nyingi kabla yao, kima na safari yake ya majini walikuwa wakisimuliwa Uhindi, katika mkusanyiko wa ngano wa lugha ya Kisanskriti uitwao Panchatantra. Katika karne ya 6, enzi za mfalme Khosrow wa Kwanza wa Uajemi, tabibu aliyeitwa Burzoy alizitia ngano hizo katika lugha ya kwao. Katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akazitia katika Kiarabu, katika kitabu kinachojulikana kwa jina la Kalila na Dimna. Nacho Kiarabu kimekuwa jirani wa Kiswahili kwa muda mrefu sana.

Katika safari hiyo ndefu kisa kilibadilisha mavazi kila kilipopiga hodi. Huko Uhindi aliyembeba kima alikuwa mamba, mti ulikuwa wa jamii ya mzambarau, na aliyeutamani moyo alikuwa mke wa mamba. Katika Kiarabu mbebaji ni kasa, na mti ni mtini. Unguja ulikuwa na Sultani wake, basi mgonjwa akawa Sultani. Bahari ikampa mbebaji aliye papa, na nchi kavu ikatoa mkuyu. Moyo ulioachwa mtini haukubadilika popote.

Mwalimu wa watoto anafaa kuijua nasaba hii, kwa sababu inampa uhuru. Parokia yetu iko bara, mbali na bahari. Watoto wetu wanamjua papa kwa namna mbili tu: samaki mkavu mwenye chumvi anayeuzwa sokoni kwa vipande, na Baba Mtakatifu ambaye tunamwombea katika kila Misa. Tulipotamka mara ya kwanza kwamba papa alitaka kumtoa kima moyo, darasa zima lilinyamaza, kisha binti mmoja akauliza kwa hofu: "Papa yule tunayemwombea?" Katekista wetu akaokoa jahazi. Alichora mamba ubaoni, bahari akaigeuza kuwa mto, na tangu siku hiyo huku kwetu anayembeba kima ni mamba. Pasipo kukusudia, katekista alikirudisha kisa katika vazi lake la Kihindi.

Sasa tuje kwenye kufundisha kwenyewe. Mazoea ya shule zetu nyingi ni kwamba ngano ikiisha, mwalimu huuliza, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Jibu moja huandikwa ubaoni, watoto hulinakili katika madaftari, na hadithi hufungwa kama duka wakati wa magharibi. Sisi tumeona faida ya kuchelewesha swali hilo, na hata kutoliuliza kabisa katika kipindi cha kwanza. Mtangulizi wetu katika jambo hili ni nabii Nathani. Alipotaka kumwonya mfalme Daudi hakuanza na funzo. Alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee, akamwacha mfalme akasirike kwanza na kutoa hukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Kama Nathani angelianza na funzo, Daudi angelijitetea. Mtoto wa miaka minane naye ni mfalme katika mambo ya namna hii: hukumu aliyoitoa mwenyewe huishika, ile aliyonakili ubaoni huisahau kabla kengele ya mwisho haijalia.

Kwa hiyo tunapofika katikati ya mto, mamba akiwa amekwisha kusema neno lake, tunanyamaza na kuwauliza watoto: mngelikuwa ninyi, mngelifanya nini? Majibu huja kwa fujo. Mmoja angepiga kelele, mwingine angemng'ata mamba sikio, na palepale hutokea ubishi kama mamba ana masikio. Wapo wanaosema wangesali, na jibu hilo tunalipokea kwa heshima yote, kisha tunauliza wakimaliza sala wangefanya nini. Wengine hukaa kimya, wakitazama mbele kana kwamba maji yamewafika kifuani. Ukimya huo tusiukatize. Hapo mtoto anajifunza jambo ambalo halifundishiki kwa amri, yaani kwamba hata hofu inapokuwa kubwa, akili bado ipo na inaweza kuitwa. Tukiendelea na kima akasema ameuacha moyo mtini, darasa hulipuka kwa kicheko, na wengi hujishika kifua kuhakikisha.

Baada ya kicheko huja maswali, na swali la kwanza katika kila darasa ni lilelile: je, kima alitenda dhambi kwa kusema uongo? Wapendwa, msilidharau swali hilo. Mtakatifu Agustino aliandika kitabu kizima juu ya uongo, akashikilia kwamba hata uongo wa kumwokoa mtu haufai. Kwa upande mwingine Kitabu cha Kutoka hakifichi kwamba wakunga Shifra na Pua, ili wasiwaue watoto wachanga wa Kiebrania, walimpa Farao maelezo ya kumkwepa, na Mungu akawatendea mema. Agustino aliijua habari hiyo, akaeleza kuwa walilipwa kwa huruma yao, si kwa maneno yao. Mjadala huo mzima hatukuwabebesha watoto. Tuliwarudisha mwanzo wa safari na kuwauliza ni nani aliyeanza kuficha. Walijibu kwa sauti moja. Mwaliko ulikuwa na jambo chini yake, nalo lilifichwa mpaka mwalikwa akafika mahali pasipo na njia ya kurudi. Hilo watoto walilishika, na tuliona ndilo lenye kuwafaa zaidi kwa umri wao.

Hapa ndipo baba mmoja, mtu wa heshima katika Jumuiya yake, alipotukabili baada ya Misa. "Padre," alisema, "watoto wa siku hizi ni wajanja kupita kiasi. Tunahangaika kuwafundisha utii, nanyi mnawaongezea ujanja?" Akatukumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni ya kweli, nasi tunaifundisha. Lakini wahenga waliotuachia methali hiyo ndio waliotuachia nyingine isemayo kikulacho ki nguoni mwako, na hawakuona mgongano kati ya hizo mbili. Mamba hakuwa mgeni kwa kima. Alikuwa rafiki wa siku nyingi, aliyekula matunda ya mti uleule. Watoto wetu tunawaonya kila siku juu ya watu wasiowajua, na ni vema. Lakini mara nyingi mno anayemdhuru mtoto ni mtu anayemjua kwa jina, anayemsalimu kwa shikamoo, na ambaye sisi wenyewe tumemwagiza amtii. Mtoto aliyefundishwa utii peke yake hana mahali pa kusimama siku hiyo.

Tulimjibu baba yule kwa mfano wa Sulemani. Alipoambiwa na Mungu aombe atakalo, hakuomba mali wala maisha marefu. Aliomba moyo wenye kusikia, apate kupambanua mema na mabaya. Tazameni jinsi Maandiko yalivyouweka moyo na sikio mahali pamoja. Msimulizi wa ngano naye, bila kuwa na Biblia mkononi, aliviweka pamoja viungo hivyohivyo viwili alipotaja kile ambacho punda alikikosa. Utii wa kweli unahitaji vyote viwili: sikio la kupokea neno na moyo wa kulipima. Tukimlea mtoto awe na sikio tu, tumemlea nusu. Na utii wa nusu humfaa yeyote atakayetangulia kumwita, awe mzazi au awe sungura.

Hata hivyo, tusingeandika tafakari hii kama mambo yangeishia hapo. Tulipofika katika sehemu ya punda, ambayo walimu wengi huiacha kwa kuiona ndefu, msichana mmoja alirudi nyuma na kuuliza: "Kima angejuaje kwamba mamba ana nia mbaya?" Tukajibu kwamba asingeweza kujua. Ukarimu haukumtia hatiani, wala kumwamini rafiki si kosa. Aliyefanya kosa ni mamba. Tukaona nyuso kadhaa zikitulia, kama watu waliotuliwa mzigo ambao hawakuutaja.

Ndipo kwa punda watoto wakacheka, kama wanavyocheka siku zote. Mjinga gani huyu, walisema, aliyekwisha kuonja makucha ya simba na bado akarudi? Mwisho wa kisa nao unawapa haki ya kucheka, kwa kuwa sungura ndiye mwenye neno la mwisho, naye anatuambia kwamba punda hakuwa na moyo wala masikio. Mvulana mmoja wa nyuma, ambaye si msemaji, akasema kwa sauti ya chini: "Labda hakuwa na mtu wa kumwambia."

Maelezo hayo hatukuwahi kuyasikia kwa msimulizi yeyote, na tangu hapo tumeyatafakari mara nyingi. Punda alikuwa peke yake msituni. Dobi alikwisha kumsahau. Alipotoka kwa simba na majeraha hapakuwa na wa kumuuliza ameumizwa na nani. Aliyemjia alikuwa sungura, naye akampa maelezo ya lile lililompata: kwamba halikuwa shambulio, bali ndiyo namna ya mwenyeji wake ya kuzungumza. Basi punda alikuwa na masikio, lakini kinywa kilichoyafikia kilikuwa kimoja tu. Tena tukumbuke ni nani anayetuambia kwamba punda hakuwa na moyo. Ni yuleyule aliyemwongoza kwa simba mara mbili, na kuula moyo huo kwa siri. Ushahidi wa namna hiyo hakimu yeyote angeupima mara mbili, nasi tumezoea kuunakili ubaoni kama funzo.

Wapendwa, kuna watoto wanaorudi mahali walipoumizwa. Hurudi kwa sababu wametumwa tena na wakubwa wao. Kwa sababu waliposema "sitaki kwenda kwa fulani" waliambiwa waache ukaidi. Kwa sababu aliyewaumiza amekwisha kuwaeleza kwamba ndivyo mambo yalivyo, au kwamba hakuna atakayewaamini. Tukiwafundisha kwamba anayerudi ni punda, mtoto wa namna hiyo aliyekaa kwenye dawati la nyuma atajifunza kunyamaza zaidi. Kwa sababu hiyo katika vipindi vyetu tunakisimulia kisa chote, na mwishoni tunauliza swali jingine: punda alipotoka kwa simba mara ya kwanza, angepaswa kwenda kwa nani? Watoto huanza kutaja majina. Mama. Bibi. Mwalimu fulani. Dada yake mkubwa. Tunawaomba kila mmoja amfikirie mtu wake kimyakimya na kumhifadhi moyoni, na tunawaeleza pia kwamba ipo namba ya simu ya kuwasaidia watoto, 116. Asiyepata jina hata moja, tunajua kwamba huyo ndiye tunayepaswa kutembea naye polepole.

Na hapo kazi inahama kutoka kwa mtoto kuja kwetu wakubwa, kwa maana jina la mama au la padre halina faida kama mwenye jina hilo hana masikio. Kanisa lenyewe limejifunza jambo hili kwa machozi na kwa aibu, kwa kuwa wapo waliolilia ndani ya nyumba zake wasisikilizwe. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi, inayowawajibisha mapadre na watawa kutoa taarifa wanapopata habari za mtoto kudhulumiwa kijinsia na mhudumu wa Kanisa, au habari kwamba jambo la namna hiyo limefunikwa. Katika nchi yetu ipo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Lakini sheria huanza kazi baada ya mtu mmoja kusikia, na mtu huyo kwa kawaida yuko jikoni, au shambani, au njiani kurudi kutoka jumuiya, amechoka, na mtoto anamvuta nguo.

Basi juma hili tunawapa kazi ndogo. Jioni moja, chakula kikiwa bado motoni, waombeni watoto wenu wawasimulie kisa cha kima, mamba na punda wa dobi. Msiwasahihishe wakichanganya wanyama. Kisa hiki kimechanganyiwa wanyama kwa zaidi ya miaka elfu moja, nacho kingali kizima. Wakifika katikati ya mto, nyamazeni. Wakifika kwa punda, msiwe wa kwanza kucheka. Waulizeni punda angemwambia nani, kisha ngojeni jibu, hata kama litachelewa na ugali utapoa. Yawezekana watataja jina lenu. Yawezekana wasilitaje, na hilo nalo ni jambo la kulisikia bila hasira, na kulipeleka mbele ya Mungu katika sala za usiku.

Tunawatakia nyote Dominika njema, pamoja na watoto wenu. Mungu awajalie moyo wenye kusikia.